Koti la Kiume Chemchemini

Miaka ya mwanzo ya Uhuru kazi yangu ilikuwa kupima maji. Nikisema hivyo watu hudhani nilikaa maabara nimevaa nadhifu. Nilikuwa na debe, saa ya ofisi, kipimajoto kilichofungwa uzi, na miguu yangu. Landrova ya idara ilinichukua asubuhi mjini Kakamega, ikaniacha kando ya barabara upande wa Mukumu, nami nikateremka bondeni hadi kwenye chemchemi ya siku ile. Pale akina mama walikuwa wametega ganda la mgomba chini ya jiwe ili maji yatiririke vizuri. Naweka debe, natazama saa, debe likijaa naandika limechukua muda gani. Kisha natumbukiza kipimajoto, naandika tena. Chemchemi zenye maji ya kutosha mwaka mzima zingejengewa kwa saruji, kwa hivyo kila moja ilibidi irudiwe, kiangazi na masika. Kazi yenyewe ilichosha akili, lakini niliipenda.

Mume wangu alikufa masika yalipoanza. Aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali, hakurudi. Tulimzika kwao Chekalini. Siku ya maziko mama mkwe alinivika koti la marehemu, la kahawia, zito, mikono yake ikinipita vidole, kama wanavyovikwa wajane kwetu. Kilichobaki ni kunyolewa. Mjane hunyolewa nywele mbele ya ukoo, ndipo anarudi kuwa mtu kama watu wengine. Lakini shemeji yangu mkubwa alikuwa kazini Uganda, na bila yeye hakuna ambaye angeshika wembe. Tukaambiwa tungoje.

Ofisi haikungoja. Mkuu wangu, kijana aliyerithi kiti cha Mzungu na bado alikuwa anakikalia ukingoni, alinipa pole. Akasema pia kwamba vipimo vya masika visipokamilika atatafuta mtu mwingine. Sikumkasirikia. Sikuwa na hasira wala kitu kingine chochote ndani yangu. Nilijua jambo moja tu: bila kazi ile nisingekuwa na chumba mjini, na ningerudi Chekalini kukaa katika nyumba alimolazwa maiti, nikingoja ukoo uamue niwe mke wa nani. Nikachukua debe langu nikarudi kazini.

Siku hizo nilikula obusuma, ugali wetu, bila kujua kama imeiva. Mvua ilininyeshea nikaiacha ininyeshee. Koti sikulivua, na si kwa heshima. Wazo la kulivua halikunijia. Nami kwa ujinga wangu nilidhani nimeficha msiba wangu, kwa kuwa huko bondeni sikuwa nimemwambia mtu.

Kwenye chemchemi ya kwanza kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mdomo wake haujui kupumzika. Kila nilipofika alikuwa akinitania: "Mama wa debe, leo tena? Hii maji unapimanga kila siku, imekukosea nini?" Siku ile hakunitania. Alisimama mbele ya ganda la mgomba, mikono kiunoni.

"Hiyo koti ni ya nani?"

"Ya bwana yangu."

"Umenyolewa?"

"Bado."

Wenzake wakatua mitungi chini. "Pole sana, mama," akasema. "Lakini usiguse hii maji. Mjane hajanyolewa akitia mkono, inaweza kauka. Na sisi tuko na watoto."

Mimi niliyesomeshwa na masista nilikuwa na majibu. Nilikuwa nimesimama kwenye mabaraza nikaeleza jinsi mvua inavyozama ardhini na kutokea chini ya jiwe. Siku ile niliyatafuta majibu yale, nikayaona hayanihusu. Nilisema tu, "Nisipopima nitafukuzwa kazi."

"Ukifukuzwa utaenda wapi?"

"Chekalini. Kwa shemeji."

Wakateta wao kwa wao kwa Kiluhya, haraka haraka, utadhani mimi ni mgeni nisiyekijua. Kisha yule mama akaninyang'anya debe. "Simama pale," akasema. "Sisi tutakupimia."

Basi ikawa hivyo. Mimi nasimama na saa, wao wanateka. Tatizo likawa adabu zao. Mwanamke wa huku haachi chombo kikafurika, ni aibu, kwa hiyo debe liliondolewa kabla halijajaa, na vipimo vyangu vikaonyesha chemchemi yenye mbio za ajabu.

"Acha lijae!" nikapiga kelele.

"Imejaa!"

"Bado!"

"Unataka imwagike? Wewe ulilelewanga wapi?"

Na likishatolewa wanaweka majani juu ili maji yasiruke njiani, ingawa debe halikuwa na safari. Mwaka mwingine ningecheka mpaka nikae chini. Niliwaomba tu warudie, wakarudia, mpaka wakakubali kulijaza hadi ukingoni, wakigeuza nyuso. Habari zikanitangulia bondeni kote. Nikifika kwenye chemchemi nyingine nakuta mikono imekwisha nyoshwa kupokea debe hata sijasalimu. Kipimajoto nacho walikitumbukiza wao kwa uzi, nami nikasoma. Masika yote niliandika baridi ya maji ambayo sikuyagusa.

Vipimo vikakamilika. Mkuu wangu akavipokea, akaniambia nibaki kazini. Nikasema asante, nikatoka nje, nikatazama bendera mpya ikilowa.

Shemeji alifika mvua zikipungua. Walininyoa asubuhi, wakalichukua koti, na ukoo ukaniruhusu nirudi mjini kwa kuwa nilikuwa na kazi. Sikulia, na najua wapo walioliona hilo.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye ile chemchemi ya kwanza, kitambaa kichwani. Yule mama akakivuta, akatazama upara wangu, akacheka. "Kichwa imekuwa kama ya mtoto!" Kisha akasogea kando. "Haya. Teka mwenyewe."

Nikaliweka debe chini ya ganda la mgomba, na maji yakanipitia mikononi.

"Ni baridi," nikamwambia.

"Imekuwanga baridi siku zote," akasema.

Hapo nikamlilia mume wangu kwa sauti, nimeinama, nimelishika debe. Likajaa, likafurika, likamwagikia miguuni pa wote, na hakuna aliyeliondoa.