Kona ya Chini Kushoto

Mimi si mtu wa kutoa vitu bure, na nasema hivyo kabla mwingine hajanisemea. Miaka ile nilikuwa nachapa barua kwenye steshenari moja Moshi mjini, na kila kilichopita mikononi mwangu kilikuwa na bei: barua ya posa, barua ya kazi, hata tangazo la mbuzi aliyepotea. Jioni nikipanda kurudi nyumbani Old Moshi, nilikuta watu bado wanapeana. Mama yangu hakuwahi kumuuzia jirani mche wa mgomba. Uliomba, akakung'olea, ukaondoka nao na udongo wake.

Michoro ya vitambaa nayo ilikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa wanawake tisa, tukishona vitambaa vya makochi kila Jumamosi mchana kwa mwalimu mstaafu, jirani yangu, kwa kupenda tu. Yeye ndiye aliyeibuni michoro. Alichora kwenye daftari la hesabu, kila kijumba mshono mmoja, nasi tukanakili kwa mkono.

Macho yake yalipoingia ukungu, aliniita akanipa daftari lenye mchoro wake wa mwisho: mlima uliozungukwa na maua ya kahawa, mkubwa mno kwa mshonaji mmoja. Alitaka kila mwanamke ashone kipande, viunganishwe, kiwe kitambaa cha kufunika jeneza lake. Aliyasema hayo huku ananipakulia mtori, bila kushusha sauti.

"Weka kwenye kompyuta, mwanangu, uwape wote. Mchoro wangu sasa hausomeki."

Miezi miwili sikupumzika mchana. Nilikaa mbele ya kompyuta ya steshenari nikijaza rangi kijumba kimoja kimoja mpaka macho yakaniwasha. Nilipomaliza, nikahifadhi kwenye disketi moja, nikamrudishia mwalimu daftari lake.

Kisha siku moja, intaneti kafe, nikaona wanawake wa ng'ambo wanauza michoro ya namna ile. Wengine waliitoa bure. Hao niliwapita haraka. Jumamosi nikawapelekea wenzangu karatasi moja tu, kona ya chini kushoto, wapate kuonja. Anayetaka sehemu nyingine anunue, nikasema.

"Dada, tangu lini mchoro ukauzwa?" akauliza mmoja wao. "Tena si wako."

"Na macho yangu je? Na karatasi?"

"Karatasi tungekuchangia. Ungesema."

Hadi leo naamini kazi ile ilistahili malipo. Lakini sikuomba malipo ya kazi. Niliuza mchoro wa mtu, tena wa msiba wake, naye yuko hai.

Hakuna aliyenunua, na mimi nikakaza shingo. Mwalimu aliniita mara mbili, sikwenda. Disketi niliilaza kwenye mkoba, sikuinakili popote, maana niliogopa wenzangu wa kazini wangeiba. Niliposikia mwalimu hainuki tena kitandani, woga ukanishika. Asubuhi iliyofuata nikaichomeka disketi niprinti mchoro wote, niwagawie. Mashine ikakwaruza, ikashindwa kuisoma, ikaniuliza kama nataka kufuta yote yaliyomo ianze upya. Nikaipangusa vumbi kwa pindo la kanga, nikajaribu mashine ya pili, ya tatu. Ikaniuliza vile vile.

Nikakumbuka daftari. Nikapanda nyumbani, nikachuma jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikaenda kwa mwalimu. Kwetu ukiletewa isale na aliyekukosea, hukatai kusamehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamwekea jani kiganjani. Akalipapasa, akalijua. "Basi, mwanangu. Yameisha."

Nilipata nguvu ya kumwomba daftari.

"Daftari? Nimewashia moto, karatasi moja moja. La nini tena, na wewe mchoro umeuweka mahali pazuri?" Akanishika mkono. "Niambie, nani amepewa kipande cha kilele?"

Nikasema ni mimi.

"Vizuri," akasema. "Mkono wako hauna haraka."

Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Jeneza lilifunikwa kitambaa cheupe cha dukani. Wenzangu nilikuwa nimeshawaambia habari ya disketi. Tulimenya ndizi za msibani pamoja, na hakuna aliyenitupia neno. Afadhali wangenitukana. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Kona ile ya chini kushoto ninayo: majani matatu ya kahawa na ua moja lililokatwa katikati na ukingo wa karatasi. Nimeishona mara nyingi, na yeyote anayeiomba nampa bure. Wakiuliza mchoro wote uko wapi, nawaambia sina. Wengine hawaniamini. Wanadhani nimeuficha, nangoja bei.