Kisogo cha Mjane

Mchoraji wa vibonzo hana meza yake. Anachorea pembeni mwa meza ya mhariri, kiwiko kikining'inia hewani, na uso wowote anaotaka kuuchora huuvaa kwanza yeye mwenyewe. Akichora wivu, mdomo unampinda. Akichora kinyongo, mashavu yanamvimba mpaka wenzake wanaangua kicheko. "Leo nani kakuudhi, dada?" Yeye anapuliza wino ukauke. Kitabu chake chote ni visa vifupi vya mambo ya moyoni: binti mwenye haya, baba asiyejua kuomba radhi, na cha mwisho, mjane aliyerudi nyumbani kutoka mazikoni.

Sasa tazama ujeuri wa watu. Kurasa zimerudi kutoka kwa mhariri, na yule mjane, udongo wa kaburi haujakauka, anachekelea kama bibi harusi. Mhariri kamchorea mdomo mwenyewe, tena kwa kalamu ya mchoraji. "Kitabu kikiisha kwa majonzi nani atakipenda, dada? Nimempa tabasamu dogo tu, apoe." Damu ikamchemka mchoraji. Kwani machozi ya mtu ni uchafu, hata yapigwe dekio? Lakini hakupaza sauti. Alichukua rangi nyeupe, akaufunika ule uso wote, akamchora mjane upya akiwa amewapa watu mgongo: kisogo kitupu, na mabega yaliyoshuka.

"Sasa wasomaji watajuaje anavyojisikia?" mhariri akauliza.

"Waliozika watajua. Na hiyo kalamu yangu, kaka, nirudishie."