Wanataka Nimfute Dainosa Mwenye Ngozi ya Bibi Yangu

Admin, jina langu liweke kapuni, ila maneno yangu usiyapunguze.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Usevya, sasa hivi nimepanga Shanwe hapa Mpanda mjini. Nina mchumba, fundi simu, na mahari yangu ilikuwa ipokelewe mwezi ujao. Kazi yangu ndiyo imeleta balaa lote hili, kwa hiyo niwaeleze kabisa. Natengeneza dainosa. Ndiyo, wale wanyama wakubwa waliokufa kabla binadamu hajakuwepo. Nawachonga kwenye kompyuta, unamzungusha unamwona mbele, nyuma na ubavuni, halafu nawauzia watu wanaotengeneza katuni na magemu. Nimejifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni. Chekeni mmalize, tuendelee.

Kuchonga mwili siyo shida. Shida ni ngozi. Mwili ukiisha unakuwa wa kijivu, laini kama sabuni. Inabidi umkate vipande vipande kama fundi cherehani anavyokata gauni, uvitandaze, kila kipande ukibandike picha ya ngozi ya kweli, halafu unamshona tena. Huyu wangu ni yule wa shingo ndefu, mla majani. Nilimvalisha picha za matope yaliyokauka kwenye majaruba ya mpunga, akawa kama ukuta wenye nyufa. Nikamvalisha magome ya mti, akawa mti. Nilishakata tamaa naye.

Ndipo nikaenda Usevya kumsalimia bibi, mzaa baba. Nikamkuta kwenye mkeka anapukuchua mahindi, miguu ameinyoosha. Macho yangu yakaganda kwenye visigino na magoti yake. Bibi amelima mpunga maisha yake yote, ile ngozi ina mistari, ina mikunjo, ina vumbi lililoingia likahamia. Nikamwambia, "Bibi, nataka kumvalisha mnyama wangu ngozi yako." Nikamwonyesha kwenye simu. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Piga picha, mke mwenzangu, mbona umemwacha uchi muda wote huo? Ila na wewe mikunjo yako inakuja, usijione." Akapandisha kitenge mpaka magotini, akawa anageuza miguu mwenyewe nipate mwanga mzuri.

Bibi alifariki masika iliyopita. Msibani sisi wajukuu tulifanya utani kama ilivyo kawaida yetu. Mmoja alivaa gauni la bibi, akachukua fimbo yake, akawa anatembea kama yeye huku anawagombeza waombolezaji kwamba wanamaliza ubwabwa. Watu walicheka huku machozi yanatoka. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, alicheka kuliko wote na akamnunulia yule mjukuu soda.

Baada ya arobaini nikammalizia dainosa wangu. Niliposti video anatembea, nikaandika kwamba ngozi ni ya bibi yangu, mkulima wa Usevya. Binamu mmoja akaikimbiza kwa baba mkubwa. Nikaitwa nyumbani.

Nilifika tu, baba mkubwa akaniambia, "Umemchuna mama yangu ngozi ukalivalisha dubwana." Nikamwambia bibi alikubali mwenyewe, tena kwa kicheko. Akasema mama yake hakuwa anaelewa mambo ya makompyuta, nilimdanganya. Hapo damu ilinichemka. Nikamjibu, "Baba mkubwa, wewe ni mwanaye, kwako ni heshima tupu na sikukatalii. Mimi ni mjukuu, mimi na yeye ni watani. Msibani tuliigiza mwendo wake ukacheka. Leo utani umekuwa tusi kwa sababu uko kwenye kompyuta?" Akasimama. Akasema nisipofuta kila kitu hatakaa kupokea mahari yangu, na hakuna mzee wa ukoo atakayekaa. Baba yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo yeye ndiye baba niliyebaki naye.

Nilidhani mchumba wangu atasimama na mimi. Huyu ndiye aliyekuwa ananikuta nimeinamia kompyuta, ananiletea chipsi, anawaambia rafiki zake mke wake mtarajiwa siyo wa kawaida. Nilipomsimulia akasema, "Si umfute tu, mpenzi, kwani utapungukiwa nini? Utatengeneza mwingine." Nitatengeneza mwingine kwa miguu ya nani? Iliniuma kuliko maneno yote ya baba mkubwa. Mama naye kaja na lake, eti niwaambie nimefuta halafu nifiche nakala kwenye flashi, wazee watajuaje. Nampenda mama yangu, ila sitaingia kwenye ndoa nikiwa nimemficha bibi kama kitu cha wizi.

Najua baba mkubwa analilia mama yake. Na mimi nalia. Lakini picha ya bibi tuliyonayo ukoo mzima ni ya kitambulisho, kakunja uso kama anahojiwa polisi. Ile miguu iliyoingia matopeni ikatulisha sote, yeye baba mkubwa akiwemo, hakuna aliyewahi kuipiga picha isipokuwa mimi.

Sasa nyie ndugu zangu wa ukurasa huu, nishaurini, ila msinipotezee muda na ile ya "futa dada, ndoa ni heshima". Kufuta sifuti. Ninachouliza ni hiki: niolewe bila wazee wangu, na mwanaume anayeona bibi yangu ni kitu cha kufuta ukatengeneza kingine, au nimrudishie pete yake nibaki na kazi yangu? Nifanye nini? Nitasoma maoni yote, hata ya matusi. Ile video sijaitoa. Leo asubuhi nimeiposti upya kwenye ukurasa wangu, na safari hii jina la bibi nimeliandika lote.