Moshi wa Kompyuta Zetu

Bosi wetu alirudi kutoka semina Mwanza kama mtu aliyeokoka, ila safari hii wokovu wenyewe ulikuwa wa mazingira. Ofisi yetu ilikuwa vyumba vichache pale Nyamongo, tukishughulikia malori ya mizigo, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kazi ya kubofyabofya tu inachafua dunia. Tukaambiwa tuzime skrini tukienda kula. Tuchapishe pande zote mbili za karatasi. Tuache kutumiana picha za harusi kwa barua pepe za ofisi, maana hata hizo zinakula umeme huko zinakohifadhiwa. Jenereta nayo ikapangiwa saa, tukawa tunatoka jasho kama wachimbaji.

Mimi ndiye niliyekuwa mbishi wa kwanza, lakini sitasema uongo, mambo yalipendeza. Dizeli ilipungua, karatasi zikakaa kabatini muda mrefu. Kisha bosi akaagiza laptopu, kwa kuwa hazili umeme mwingi, na zile kompyuta kubwa za zamani, zenye skrini za kubebwa na watu wawili, zikachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. "Zinakwenda kutengenezwa upya," bosi alitutangazia. Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa mjamzito. Mimba zake za nyuma zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii tuliishi nayo roho mkononi. Yeye na mumewe walikuwa wametoka Morotonga, kule Mugumu kwa wakwe zake, kuja kutafuta dhahabu kama watu wote, na kazi yake ilikuwa kuponda mawe nyuma ya nyumba na kuikamata dhahabu kwa zebaki. Nesi wa kliniki alimfokea: zebaki na tumbo hilo, hapana. Akaacha siku ileile. Nilishangaa, maana mdogo wangu hakuwa mtu wa kuambiwa kitu akanyamaza.

Jumamosi moja nilimpelekea ndizi. Kabla sijaiona nyumba niliuona moshi, mweusi, mzito, unanuka tairi na nywele vikiungua pamoja. Nikajua nyumba inaungua na yeye yumo ndani. Nilitupa ndizi njiani nikakimbia.

Nyumba ilikuwa nzima. Yeye alikuwa nyuma, amechuchumaa mbele ya moto, kanga puani, tumbo limegusa magoti, anageuza kwa kijiti vipande vya kijani vilivyojaa nyaya. Pembeni yake kulikuwa na boksi la kompyuta lililopasuliwa, na juu yake stika ya ua jekundu niliyoibandika mwenyewe. Ilikuwa kompyuta yangu ya kazini.

"Unafanya nini wewe?"

"Karibu, dada!" Alifurahi kuniona. "Kumbe huko ofisini mnakaa na dhahabu mezani, mnanyamaza tu! Yule wa vyuma chakavu anatuuzia hizi. Unachoma, unatwanga, unaosha kwa maji. Zebaki sigusi kabisa, nesi alikataza."

"Na moshi huu je?"

"Huu si kitu. Hivi ni vitu vya ofisini, dada, vinakaa na feni, vinafutwa vumbi kila siku. Si kama mawe ya shimoni."

Nilichukua ndoo nikaimwaga yote motoni, jivu likaturukia usoni. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Nilimwambia yale bosi aliyotusomea kutoka semina na sisi tukawa tunasinzia: kwamba ndani ya mashine hizo mna sumu, kwamba hazichomwi, kwamba moshi wake unamfika hata mtoto aliye tumboni. Aliishusha kanga puani taratibu. Uso wake ulibadilika nikiutazama.

"Kama ni sumu," aliuliza, "mbona mmezileta huku?"

"Hatukuzileta. Tuliziondoa tu ofisini."

Niligeuza macho pembeni, na hapo ndipo nilipouona moshi mwingine nyuma ya nyumba ya jirani, na mwingine ng'ambo ya barabara. Jumatatu bosi alinisikiliza mikono kichwani, kisha akapanda pikipiki mwenyewe kumfuata yule mnunuzi. Alirudi na mashine zilizobaki akazifungia stoo, na siku hiyo hakuna aliyekumbushwa kuzima skrini.

Mdogo wangu alikwenda kujifungulia ukweni, akazaa hospitali ya Mugumu. Miezi iliyotangulia ilikuwa mirefu. Kila simu iliyoita nilidhani ni habari mbaya, na nilimchukia kila mtu aliyeniambia nitulie. Nilipoingia wodini nilipita moja kwa moja hadi kwa mtoto. Sikusema hongera, sikumsalimu hata mama mkwe wake aliyekaa kwenye kiti. Nilifunua kanga nikahesabu vidole vya mikono, nikahesabu vya miguu, nikapitisha kiganja mbele ya macho yake nione kama atapepesa.

Mdogo wangu alikuwa akinitazama kutoka kitandani.

"Vimo vyote, dada," alisema. "Mimi nilihesabu kabla sijampa ziwa."