Friji ya Mochari

Mvua ilibeba daraja na nguzo za stima kwa mkupuo mmoja, na ndivyo marehemu baba yangu, aliyekuwa katika mochari ya hospitali ndogo huku upande wetu wa Mbumbuni, alivyogeuka kuwa mzigo kwa jenereta. Tulikuwa tukimngoja kaka yangu mkubwa atoke Mombasa. Alikuwa amefika Salama, akakwama hapo pamoja na malori. Kila nikimpigia simu alirudia neno moja tu: "Msimzike kabla sijamwona."

Lori la dizeli nalo lilikwama ng'ambo ya mto.

Metroni hakuwa na mchezo. Alipita wodini aking'oa chaja za simu ukutani, wenyewe wakinung'unika. Akachomoa birika la chai la wauguzi, akazima taa za veranda. Nilimsifu moyoni, mpaka aliponijia mimi.

"Mama, pole. Hiyo friji ya mochari ndio inakula dizeli sana," alisema. "Na kuna mtoto kwa mashine ya oksijeni. Tukizima friji, anaweza fikisha mpaka lori ivuke. Wengine wote wamekubali kutoa watu wao. Umebaki wewe."

Nilikasirika, tena sana. Nilitaka kumuuliza kwa nini dizeli haikuletwa wakati barabara ilikuwa kavu. Lakini mama wa yule mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yake. Angeniomba, huenda ningekataa. Hakuniomba. Alikuwa akikunja na kukunjua leso yake, macho sakafuni.

Nikasema sawa.

Tulimzika baba siku hiyo hiyo. Majirani walichota maji kaburini kwa ndoo, mchungaji akaomba mbio mbio kwa sababu ya mvua. Udongo wa kwanza, ambao ulikuwa haki ya kaka kuutupa, niliutupa mimi.

Dizeli ilikwisha kabla lori halijavuka. Mtoto akafa.

Kaka alifika kwa miguu, matope hadi magotini. Alisimama kando ya kaburi bila kunisalimia.

"Sasa mlikuwa mnakimbilia nini?"

"Kulikuwa na mtoto. Alikuwa anahitaji ile stima."

"Na huyo mtoto ako wapi?"

Nilitamani kumdanganya. Nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

"Mochari," nikamwambia. "Pale baba alikuwa."