Siku Niliyomwambia Baba Mkwe Akanyage Mafuta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni. Nilikuwa bado msichana, nimeolewa mwaka uleule, na kazi yangu ilikuwa ufundi wa magari ya dizeli katika gereji moja mjini Bukoba. Mimi na mume wangu Gideoni tulipanga nyumba Ijuganyondo. Wazazi wake waliishi Kaagya, katika kibanja chao cha migomba na kahawa. Siku hiyo, Jumamosi, Gideoni alikuwa ametangulia Muleba kwa dada yake, ambaye mtoto wake angebatizwa kesho yake. Mimi nilipita Kaagya kuwachukua wakwe zangu tupande basi pamoja.

Nilimkuta mama mkwe, Ma Kokushubira, amekaa barazani na mkoba wake umefungwa tayari, lakini uso haukuwa wa mtu anayekwenda kubatiza mjukuu.

"Baba yenu haendi," aliniambia. "Anasema hajawahi kufika kwenye ubatizo wa familia kwa basi, na hataanza uzeeni."

Pikapu ya baba mkwe ilikuwa imeegeshwa chini ya migomba. Mzee huyo, Ta Mutalemwa, alikuwa dereva maisha yake yote, na gari lile alilipenda kwa namna ya kimya kimya, kama alivyowapenda watu. Lilibeba kahawa, likabeba wagonjwa wa kijiji, likabeba kwaya ya usharika wetu. Mimi mwenyewe lilinileta Kaagya siku ya harusi. Sasa lilikuwa limepoteza nguvu. Mafundi wawili walilisikiliza likitoa moshi mweusi, wakasema turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, imekufa. Naye akakubali kuliuza kwa mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa Muleba anayetoa mzigo wake kisiwani Goziba. Mtu huyo alikuwa aje kulichukua mchana uleule.

Nilitamani kufungua boneti papo hapo. Lakini elewa, mwanangu, desturi yetu ilivyokuwa. Mkwe wa kike hakuzungumza ovyo na baba wa mume wake. Nilimsalimia nimepiga magoti, akaitikia akiangalia migomba, basi, mazungumzo yetu ya wiki yakawa yameisha. Kwa hiyo nilimgeukia mama mkwe.

"Mama, naomba umwulize baba, gari lilianza lini kukosa nguvu?"

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake palepale barazani na alinisikia vizuri sana. Hata hivyo alisubiri mkewe arudie swali, kisha akamjibu mkewe: "Mwambie lilianza baada ya masika."

"Mama, mwulize kama linakosa nguvu wakati wote, au mlimani tu."

"Mwambie tambarare linakwenda. Mlimani linakataa."

"Na ile sauti ya mluzi ya turbo ambayo hutoka ukikanyaga mafuta, mwulize kama bado anaisikia."

Ma Kokushubira akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Mimi nina ndizi jikoni," akasema. "Sikizaneni wenyewe." Akaingia ndani akatuacha.

Baba mkwe aliutazama mlango alioingilia mkewe. Hatimaye alikohoa.

"Mluzi umepotea," akaniambia, mara ya kwanza kuniambia neno moja kwa moja. "Mafundi wenzako hawakuniuliza hilo. Hawakuniuliza chochote."

Ndipo akanieleza, taratibu. Mwaka uliopita aliteleza kwenye kibanja akavunjika nyonga, na gari likakaa bila kuwashwa msimu mzima wa mvua. Alipopona, daktari alimruhusu kuendesha. Lakini alikwenda nalo mashineni na kanisani tu, polepole, bila kuvuka gia ya pili. Akashusha sauti. "Naogopa mguu hautawahi breki," alisema. Sikucheka, wala sikumwambia asiogope. Nilimwambia tu, kwa neno letu la heshima, "Ahsante kwa kuniambia, waitu. Hilo linanisaidia." Na kweli lilinisaidia. Turbo za aina ile zina mapezi madogo ndani ambayo lazima yacheze, yafunguke na kujifunga. Gari likikaa muda mrefu, au likienda polepole kila siku bila kupata joto la kutosha, masizi na kutu huyashika.

Nilimwomba ruhusa, nikachukua spana zake mwenyewe, maana dereva wa zamani hakosi spana. Kwanza nilifungua mpira mkubwa wa kupitishia hewa nikaingiza vidole, nikazungusha gurudumu la turbo. Lilizunguka laini kabisa, halikutikisika wala kukwaruza. Turbo iliyokufa haizunguki hivyo. Nilimwita aje ajaribu kwa kidole chake, akajaribu, nikaona nyusi zake zinapanda.

Baada ya kuurudisha mpira ule, kulikuwa na jambo nisiloweza kufanya peke yangu. Pembeni ya turbo kuna kikopo cha bati, kimeungwa na kifimbo cha chuma, na kifimbo hicho ndicho huvuta mkono unaoyachezesha mapezi. Nilihitaji mtu awashe injini na kukanyaga mafuta wakati mimi natazama. Pale nyumbani hapakuwa na dereva mwingine.

"Baba," nikasema, na masikio yakiniwaka moto, "naomba ukae kwenye usukani."

Akakaa. Mimi kichwa kiko ndani ya boneti, yeye hanioni, nami simwoni.

"Washa, waitu."

Akawasha. Kifimbo hakikusogea.

"Kanyaga mafuta."

Akagusa tu, kama mtu anayekanyaga yai.

"Zaidi, baba. Kanyaga!"

Nilisema kwa sauti ya gereji, mwanangu, sauti ambayo mkwe wa kike hakupaswa kuwa nayo. Kutoka jikoni nikasikia mama mkwe anaangusha mwiko. Halafu injini ikanguruma kweli kweli, na kifimbo kikakaa palepale kama kimechomelewa.

Nilimwambia apunguze, nikachomoa kijimpira chembamba kinachokwenda kwenye kikopo, nikaziba tundu lake kwa kidole. Kilininyonya kidole barabara, kwa hiyo mvuto wa hewa ulikuwepo. Tukazima, tukaacha injini ipoe kwa kikombe cha kahawa. Nikatoa kibanio, nikakitenga kifimbo na ule mkono, nikafyonza hewa ya kikopo kwa mdomo kupitia kijimpira. Kifimbo kikasogea kama kipya. Kikopo kilikuwa kizima. Uliokwama ulikuwa mkono wenyewe.

"Sasa nyundo?" baba mkwe aliuliza. Alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, ameegemea fimbo yake, amesahau desturi.

"Hapana, waitu. Tukigonga tutavunja mapezi, na hapo turbo itakufa kweli."

Nilinyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la mkono ule, tukasubiri. Nikausukuma kwa vidole, ukakataa. Nikanyunyiza tena. Tulikula ndizi na maharage tukirudi kuuangalia kama mtu aangaliavyo chungu jikoni. Baadaye ukasogea upana wa punje ya mtama, ukarudi, ukasogea zaidi kidogo. Sikuulazimisha. Nilimpa baba mkwe nafasi, naye akauchezesha mbele na nyuma kwa subira zaidi kuliko mimi, hadi ukawa unakwenda mwisho hadi mwisho bila kukwama. Nati ya kurekebisha urefu wa kifimbo sikuigusa kabisa, kwa sababu haikuwa na kosa.

Tulipounganisha kila kitu na kuwasha, kifimbo kilivutika chenyewe. Baba mkwe alikanyaga bila kuambiwa, na mluzi ukasikika.

Mtu wa dagaa alifika wakati huo kwa miguu kutoka kituo cha basi, kamba ya kuvutia gari ikiwa begani endapo lingemzimikia njiani. Alisimama akisikiliza injini, akaelewa hana cha kununua.

"Umefika limepona, bwana," Ta Mutalemwa alimwambia. "Nisamehe kwa safari."

Mtu yule akacheka, akanitazama nilivyopakwa masizi hadi kidevuni. "Basi nipeni huyu fundi nikae naye Muleba."

"Huyu si wa kutoa," baba mkwe akajibu. "Huyu ni mwanangu."

Nilijifanya natafuta spana chini ya gari, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Tuliondoka jioni ile ile, mtu wa dagaa tukampa lifti nyuma. Nilikuwa napanda naye nyuma, baba mkwe akasema nikae mbele na mama, nisikilize injini. Tulipofika mlima wa kuelekea Muhutwe nilimweleza kwamba sasa gari linahitaji kupanda kwa nguvu, gia ya tatu, lipate joto lichome masizi yaliyobaki. Alinitazama. Mikono yake iliushika usukani kwa nguvu. Halafu akakanyaga. Moshi mweusi ulitoka mara moja nyuma yetu, kisha ukakoma, na gari likapanda mlima ule likipiga mluzi, na mama mkwe akaanza kuimba tenzi. Kwenye ubatizo tulifika kwa gari letu.

Mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu unaanza kazi na unaanza nyumba yako. Usiseme kitu kimekufa kabla hujakigusa kwa vidole vyako. Muulize mwenye nacho, umwache amalize kusema, kwa kuwa nusu ya ugonjwa ataitaja yeye, hata ile anayoionea haya. Pima jambo moja, kisha lingine. Kilichokaza kipe mafuta na muda, nyundo iweke mbali. Kisicho na kosa usikiguse. Na heshima unayowapa wakubwa isikuzuie kuwaambia wazi kile kazi inachohitaji, maana baba mkwe wangu alinipenda tangu siku niliyomwambia akanyage.

Nenda sasa. Mungu aitulize mikono yako, akupe wakwe watakaokuita mwana, na popote utakapopanda mlima, akufikishe salama kwa watu wako.