Ruhusa ya Kumwita Baba Mkwe

Mkutano wa kwanza wa safari tuliufanya sebuleni kwetu Ndera, Rwanda, Jumapili baada ya kanisa, na mwenyekiti alikuwa na miaka tisa. Ni mjukuu wangu wa kike. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, daftari mapajani, akatuambia tuzime simu. Yangu ilikuwa imezimika tangu Ijumaa, lakini niliitoa nikaibonyezabonyeza ili nisionekane mkaidi.

"Ajenda ya kwanza," akasema, "ni kwamba tunaenda."

Hakuna aliyepinga. Tulikuwa watano: yeye mwenyekiti, baba yake ambaye ndiye mwanangu, mama yake ambaye ni mkwe wangu, mdogo wake wa kiume wa miaka minne na nusu, na mimi. Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam kwa gari letu, likizo ya Agosti, siku mbili na nusu barabarani, kwenye bustani ya michezo ya maji ambayo mwanangu aliiona kwenye simu. Kwenye video watoto wanaingia juu kwenye bomba la rangi ya machungwa, wanapotea, halafu wanatokea chini kwenye maji wakicheka. Kuna ndoo kubwa kama chumba inayojaa taratibu mpaka inapinduka juu ya vichwa vya watu. Kuna na mto wa kutengeneza, unazunguka polepole, watu wamekaa ndani ya matairi. Mle nilimwona bibi mmoja mnene kama mimi, kilemba kichwani, miguu juu, maji yanampeleka. Nilimwambia mwanangu arudishe hapo. Akarudisha mara nne.

"Mama, na wewe unataka kuingia kwenye tairi?"

"Huyo ana nini ambacho mimi sina?"

Mwenyekiti akaandika: Bibi, tairi moja.

Kutoka siku hiyo nyumba haikutulia. Jioni mwanangu akirudi kazini tunachora njia: Rusumo, Ngara, Kahama, tunalala, Singida, Dodoma, tunalala, asubuhi Morogoro. Mimi nilikulia Karagwe, ukimbizini, kwa hiyo upande ule nausema kama mwenyeji. Kiswahili ndicho nilichofundishwa kuandika, mpaka darasa la nne. Kusoma kwangu kuliishia hapo, lakini majina hayakuishia. Nikitajiwa jina la mtu mara moja limekaa. Naweza kukutajia darasa letu lote kwa mstari walivyoketi, na ng'ombe wa jirani yetu mmoja mmoja, na dereva wa lori lililotuleta nyumbani, na mke wake. Watoto hunijaribu kwa hilo kama mchezo. Humu lakini sitaandika hata jina moja. Nikianza na mmoja, wengine watauliza kwa nini wameachwa, na wengi wako hai na wanajua kusoma.

Tulifanya na mazoezi. Nyuma ya nyumba kuna mteremko unaoshuka mpaka kwenye shamba langu dogo. Tukatandika turubai, tukamwaga maji ya sabuni. Mwenyekiti alipanga viti vya plastiki tupange foleni, kwa sababu alisoma kwamba huko foleni ni ndefu na asiyejua kungoja analia. Mdogo wake aliteleza mara ishirini bila kupumua. Kisha wakanigeukia mimi. Nilijifunga kanga vizuri, nikakaa, mtu mmoja akanisukuma, mpaka leo hakuna anayekubali ni nani. Nilifika kwenye maharage. Mkwe wangu alitoka mbio jikoni akidhani nimevunjika, akanikuta nimelala chali kwenye miti ya maharage nacheka mpaka machozi.

Basi ilikuwa furaha tupu mpaka mkutano wa tatu, mkwe wangu alipoomba kusema. Yeye alikulia Uganda, ni mtu wa maneno machache, na anasoma kila kilichoandikwa, hata maandishi madogo ya chini. Alikuwa amesoma masharti ya ile bustani.

"Wanasema mtoto akipotea, walinzi wanamwuliza jina lake, wanalitangaza kwenye kipaza sauti," akasema. "Siku za likizo watu wanakuwa wengi sana." Akamgeukia mdogo. "Wewe unaitwa nani?"

"Baba Mkwe," mtoto akajibu.

Tulicheka wote. Mkwe wangu hakucheka.

Hapa lazima nieleze. Mjukuu wangu huyu ana jina zuri la heshima. Ni la baba wa marehemu mume wangu. Nilipoolewa kule Karagwe, mwali hakutaja jina la baba mkwe wake. Kinyarwanda kina neno lake, gutsinda. Hulitaji jina, na hata neno linalofanana nalo unalikwepa. La baba mkwe wangu lilibeba ndani yake jina la chakula cha kila siku, kwa hiyo miaka yote nilikiita "kile cha chunguni," na watu walinielewa. Alipokufa sikulitaja. Tuliporudi Rwanda sikulitaja. Siku mwanangu alipokuja na mtoto mchanga akaniambia kwa furaha, "Mama, tumempa jina la babu," nilisema vizuri sana, nikampokea, nikamwita Baba Mkwe. Nyumba nzima ikafuata. Jina lake la pili ni sentensi nzima, kama mengi ya kwetu, na hakuna aliyewahi kulitumia. Kanisa letu halibatizi watoto, na shule alikuwa hajaanza. Kwa hiyo ndilo hilo tu alilokuwa nalo duniani: Baba Mkwe.

Jumamosi tulikwenda Gisimenti kununua nguo za kuogelea. Mkwe wangu alituambia mimi na mwenyekiti tukae kwenye gari tutazame. Akaingia dukani na mtoto, akamwacha mlangoni, akajificha nyuma ya nguo zilizotundikwa. Mtoto alikaa kidogo, halafu akatoka nje kutazama mishikaki inavyogeuzwa kwenye mkaa pale jirani. Mama yake akamwita kwa jina lake, kwa sauti. Hakugeuka. Akaita tena, mpaka wapita njia wakageuka wao. Mtoto anatazama mishikaki. Mlinzi wa duka akamwinamia.

"Mtoto, jina yako nani?"

"Baba Mkwe."

"Baba mkwe ya nani?"

"Ya Bibi."

Mlinzi akasimama, akawaambia waliokuwa pale, "Huyu iko na mke tayari, tutafute bibi." Watu wakaangua kicheko. Mkwe wangu akatoka, akamshika mkono mtoto, akashukuru. Kwenye kona ya kwetu akanigeukia.

"Mama, sina ubaya na wewe," akasema. "Mimi nilipotea Kampala nikiwa na miaka mitano, sokoni, kutoka asubuhi mpaka jioni. Kila aliyeniuliza nilimwambia naitwa Kadogo. Nani angemjua Kadogo? Huyu kama haitiki jina lake, haendi. Tutampeleka mwaka ujao."

"Na atabaki na nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nani mwingine angebaki naye? Nililiona lile tairi langu likizunguka tupu kwenye mto. Lakini sikuumia kwa hiyo tu, nisidanganye. Mtoto alikuwa nyuma yangu na kaptula yake mpya ya kuogelea, ameivaa kichwani.

Tulikuwa na karibu wiki tatu. Nyumba nzima ikaanza kumwita kwa jina lake, asubuhi mpaka kulala. Hakuitika. Ukimwita kwa jina anaendelea na gari lake la boksi kana kwamba umemwita jirani. Mwanangu alimkalisha chini, akamweleza polepole, mtoto akamsikiliza vizuri, halafu akatikisa kichwa.

"Bibi anajua majina ya watu wote," akasema. "Kama hilo lingekuwa langu, Bibi angelijua."

Mwanangu akanitazama. Nikajifanya nachambua mchele.

Alinifuata jikoni. "Mama, babu amekufa miaka mingi."

"Amekufa yeye. Mimi bado ni mkwe wake."

"Ni mtoto tu unamwita."

"Jina ni lile lile."

Asinielewe mtu vibaya, nilijaribu. Nilikwenda kwenye maharage peke yangu, nikaangalia huku na huku, nikafungua mdomo. Nilifika kwenye silabi ya kwanza, shingo ikapata moto kama msichana aliyekutwa na kosa. Nilimwona yule mzee, na fimbo yake, anavyokohoa kabla ya kuingia uani ili mimi nijisitiri. Alinitunza vizuri sana. Nilipojifungua mara ya kwanza alilala nje ya mlango siku tatu. Heshima pekee niliyokuwa naweza kumlipa ilikuwa hiyo ya kunyamaza, na nimemlipa miaka hamsini na zaidi. Nilirudi ndani na majani ya maharage mkononi, jina bado halijatoka.

Mwenyekiti ndiye aliyenifuata jioni. Alikaa kando yangu kwenye mkeka na daftari lake.

"Bibi, hiyo sheria inaisha lini?"

"Haiishi."

"Hata kwa ruhusa?"

Nikafikiri. Kweli kulikuwa na ruhusa. Mama mkwe wangu aliwahi kuniambia kwamba zamani, baba mkwe aliyeridhika na mke wa mwanawe aliweza kumpa kitu mbele ya watu, kitu chake mwenyewe, na kutoka hapo mdomo wa mwali uko wazi kulitaja jina. Wangu aliniahidi ndama. Ng'ombe hakuzaa mwaka ule, na mwaka uliofuata mzee hakuwepo. Nikamwambia mwenyekiti hayo yote. Akaandika, akapiga mstari chini.

"Kwa hiyo anayetoa ruhusa ni baba mkwe."

"Ndiyo, lakini ameshakufa, mwanangu."

"Bibi," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "si yuko sebuleni anakula ndizi?"

Jumapili ile mkutano ulikuwa na ajenda moja. Mtoto alikalishwa kwenye kiti cha baba yake, miguu haifiki chini. Mimi nilikaa mkekani, kanga mabegani, kama nilivyokaa mbele ya yule wa kwanza. Nilisema kwa sauti, na sikuwa nacheza: "Baba mkwe, nimekuwa nyumbani kwako siku nyingi. Kama sijakukosea, naomba unifungue mdomo nikuite."

Mtoto akamtazama dada yake.

"Unampa kitu," dada akamnong'oneza. "Kitu chako. Si cha mtu."

Akateremka, akaenda chumbani. Tulimsikia anavuta droo. Alirudi na kandambili moja, akasimama katikati, akaitazama, akairudisha. Mkwe wangu alikuwa ameuma midomo ili asicheke. Mara ya pili alichelewa zaidi. Alirudi na maboya yake ya mkononi, yale ya kupuliza upepo, ya njano, aliyonunuliwa pamoja na kaptula na ambayo alilala nayo kila usiku. Alikuwa ameyakumbatia yote mawili. Aliyaangalia kwa muda mrefu, kisha akanipa moja.

"Basi mimi nitazama upande huu," akasema, akionyesha bega la kushoto, "lakini si sana."

Nililipokea kwa mikono miwili. Nilijaribu kulivaa, likagoma kwenye vidole vitatu. Nikalishika kifuani, na nikamwita kwa jina lake.

Lilitoka dogo, kama la mtu mwenye mafua. Hakuna kilichoanguka. Mwanangu alikuwa anatazama sakafu. Mtoto alinikazia macho.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

"Ulikuwa unalijua?"

"Nalijua tangu kabla baba yako hajazaliwa."

"Sema tena."

Nikasema tena, safari hii lote, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Akaitika "karame," kama watoto wa Kinyarwanda wanavyofundishwa kuwaitikia wakubwa, na akaja akakaa mapajani mwangu, mzima mzima, na boya lake lililobaki.

Mkwe wangu hakuridhika kwa maneno ya sebuleni, na alikuwa na haki. Jumamosi iliyofuata aliturudisha Gisimenti, duka lile lile. Mimi nilisimama upande wa pili wa barabara. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye mishikaki. Mama yake akamwita, akageuka. Nikamwita mimi kutoka ng'ambo, magari yanapita, akainua mkono. Yule mlinzi alimkumbuka.

"Baba mkwe, habari ya bibi?"

Mtoto akamwambia jina lake. Akamwambia na la pili, ile sentensi yote, aliyofundishwa na dada yake kwa siku tatu, bila kukosea. Mlinzi akampigia saluti.

Mkwe wangu alivuka barabara akanishika mkono. "Tunaenda watano, Mama," akasema. Kwenye gari akachukua daftari la mwenyekiti, akaandika yeye mwenyewe viti: nani dirishani, nani katikati. Mimi nimepata dirisha mpaka Kahama.

Tunaondoka Alhamisi. Mabegi yako mlangoni tangu jana, na mwenyekiti ameshayakagua mara tatu. Mimi shida yangu sasa ni nyingine. Jina lile limekaa mdomoni kama pipi, na sitaki liishe. Namwita akiwa uani, namwita akiwa chooni, namwita nikiwa sina la kumwambia. Leo asubuhi nimemwita akiwa amekaa kando yangu, bega kwa bega, anakunywa uji.

"Bibi," akasema, "mimi niko hapa hapa."

Najua. Nikamwita tena.